Kwa Kiganja cha Nani

Mwenyezi Mungu alipogawa mikono, muuguzi huyu alipewa ya watu wawili. Alipokuwa shuleni wenzake walimbandika jina la Sinia, kwa kuwa kiganja chake, walisema, kingeweza kupakuliwa chakula cha nyumba nzima na nafasi ikabaki. Jina hilo lilimfuata nyumbani, likazeeka naye. Na sasa, akiwa na miaka hamsini na miwili, kaka yake na wifi yake hawakumjua kwa jingine. Hospitalini tu ndiko alikoitwa Sista, na huko mikono ile ile iliyochekwa ndiyo iliyompa heshima.

Kitengo cha majeraha ya moto kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya milango miwili inayojifunga yenyewe. Kilikuwa na joto kuliko wodi nyingine zote, kwa maana mtu aliyepoteza ngozi ni kama nyumba iliyoezuliwa paa: hana cha kumkinga na baridi. Wauguzi wapya huingia humo wakatota jasho kabla hawajagusa kitu, na wengine huomba uhamisho mwezi haujaandama. Yeye alikuwa amedumu miaka ishirini na sita. Alijua kuilowesha bandeji kwa maji yaliyotiwa uvuguvugu mpaka iachie kwa hiari yake, na hakupata hata siku moja kuivuta kwa pupa. Tena alikuwa na desturi yake: anayehesabu ni mgonjwa. "Hesabu wewe, mimi nafuata," humwambia. Na mgonjwa akisema "ngoja," basi mikono ile husimama hapo hapo hewani, hata kama daktari yuko mlangoni anatazama saa. "Kwenye kitanda hiki," husema, "mkubwa wa kazi ni mwenye ngozi."

Lakini fundisho alilolishikilia kuliko yote lilikuwa la kiganja. Aliyeungua hupoteza maji mengi mwilini, na ili ajulikane anahitaji kurudishiwa kiasi gani, sharti kwanza kipimwe kiasi alichoungua. Kipimo cha haraka ni kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake: kiganja kimoja ni takriban sehemu moja katika mia ya ngozi yake yote. Kila kundi la wanafunzi lililoingia kwake lilisimamishwa mstari mmoja na kuulizwa.

"Kiganja cha nani?"

"Cha mgonjwa, Sista!"

"Si cha nani?"

"Si cha muuguzi!"

"Anayepima kwa chake?"

"Anaua, Sista!"

Walikuwa wakicheka wakijibu, naye akiwaacha wacheke, maana jambo lililochekewa halisahauliki upesi.

Mwaka mmoja nyuma, muuguzi kijana aliyeitwa Kalamu, kwa sababu alichomeka kalamu katika nywele zake asubuhi hata jioni, alimpima mtoto kwa kiganja chake mwenyewe. Sista aliligundua kosa kabla maji hayajapoa kwenye beseni. Lingeweza kusahihishwa kwa sauti ya chini, likaisha. Yeye alilisahihisha mbele ya wodi nzima, mbele ya jamaa za wagonjwa na mfagizi, na neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Umekuja hapa kupima watoto, au kupima bahati?" Kisha akaandika barua kwa wakubwa. Tangu siku hiyo Kalamu alifanya kazi bila doa, na hakumjibu mkubwa wake neno lililozidi "sawa, Sista."

Ikawa siku moja, saa tano na nusu ya asubuhi, aliingia mwanamke fundi cherehani, utepe wa kupimia ungali shingoni, amembeba binti yake wa miaka mitano aliyefunikwa shuka mbichi. Sufuria la maji ya moto lilikuwa limemmwagikia saa nne: kifuani, tumboni, mapajani na mikononi. Daktari wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji. Sista alimpokea, akampoza kidonda, akampima, akajaza fomu. Katika nafasi ya kiasi cha kuungua aliandika: tisa.

Tisa ni tarakimu yenye uzito wake mahali pale. Mtoto aliyefika kumi hutundikiwa dripu. Aliye chini ya kumi hunyweshwa tu. Daktari alipotoka upasuaji, na kofia yake kichwani, aliitazama fomu, akaitazama saini, akasema, "Umepima wewe? Basi anyweshwe," akarudi alikotoka.

Saa nane zamu ikabadilika. Aliyekuja kupokea ni Kalamu. Alisoma fomu, akamtazama mtoto, akaisoma fomu tena. Akafungua mdomo.

"Kuna swali?" Sista akauliza, huku akivua aproni.

Kalamu akaufunga mdomo. "Hapana, Sista."

Alipofika nyumbani kwa kaka yake, ambako aliishi tangu alipofiwa na mumewe, hakukalika. Alikishika kikombe cha chai akakitua bila kunywa. Alikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Alikwenda dirishani, akarudi, akafungua kabati, akalifunga, na mtu angemwuliza anatafuta nini asingekuwa na la kusema. Kulikuwa na kitu alichokiacha mahali fulani, na hakujua ni kitu gani wala mahali gani.

"Wifi, kaa chini," alisema mke wa kaka yake, aliyekuwa akichambua mchele. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Nitakaa."

"Utakaa lini? Sakafu yenyewe nimeilipia mimi, na mumeo wa pili sijamwona akija kuitengeneza."

"Wa pili nitampata wapi, wifi, na wanaume wote wazuri umewamaliza kwa kumchukua kaka yangu?"

"Huyo? Mchukue leo leo, na mikoromo yake nakufungia!"

Walicheka, lakini Sinia hakukaa. Hapo akaingia binti wa nyumba hiyo, mwenye miaka sita, na karatasi nyeupe na penseli. Mwalimu wao alikuwa amewaagiza wachore mikono ya watu wa nyumbani.

"Shangazi, niazime mkono."

"Chukua, mama."

Mtoto akautandaza mkono ule juu ya karatasi, akaanza kuuzungushia penseli. "Shangazi, unatikisika! Mstari unaharibika."

"Haya, nimetulia."

"Hujatulia."

Kidole gumba kilitoka nje ya karatasi, ikabidi kikatwe mchoro. Alipomaliza, mtoto aliuweka mkono wake mwenyewe katikati ya mchoro ule, akauchora nao, kisha akainua karatasi kwa furaha. "Tazama! Mkono wangu umelala ndani ya wako. Na pamebaki nafasi ya mwingine!"

Sinia alitazama. Mkono mdogo ulikuwa ndani ya mkono mkubwa kama punje ndani ya ganda.

Sasa alikumbuka. Mikono ya binti wa fundi cherehani ilikuwa imeungua na kuvimba, imejikunja ngumi, majirani wameifunga vitambaa vibichi. Haikupimika. Kwa hiyo aliinyoosha mikono yake mwenyewe juu ya kidonda, bila kugusa, akahesabu moja, mbili, mpaka tisa. Na moyoni akajiambia: hizi ni tisa zangu, za mtoto ni zaidi ya maradufu, nitazigeuza. Wakati huo huo fundi wa kuchomelea vyuma, katika kitanda cha pili, akajing'oa dripu yake kwa homa, na damu ikaruka ukutani. Akamkimbilia. Aliporudi, fomu ilikuwa inamngoja, na kichwani kulikuwa na tarakimu moja tu.

Je, aliigeuza? Aliyapekua mawazo yake kama mtu anayepekua mifuko ya koti. Aliiona tisa ikihesabiwa. Aliiona tisa ikiandikwa. Kati ya hizo mbili hakuiona hesabu yoyote.

Akapiga simu ya wodini. Inatumika. Akampigia Kalamu, simu ikaita mpaka ikachoka, kwa kuwa simu za wauguzi hufungiwa kabatini wakati wa zamu, na sheria hiyo aliitunga yeye. Saa ilikuwa kumi na dakika tano. Nusu ya maji anayostahili aliyeungua humwingia katika saa nane za kwanza, nazo huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika. Saa nne mpaka saa kumi na mbili. Zilikuwa zimebaki chini ya saa mbili.

Nafsi ya mwanadamu haikosi mlango wa nyuma. Ya kwake ilimfungulia mmoja papo hapo: mpelekee daktari ujumbe, mwambie tu ampime upya, kwa tahadhari. Hakuna haja ya kusema zaidi. Mtoto atapona na jina litapona. Alikwisha kuandika maneno mawili ndipo akatambua kwamba daktari angejibu kama alivyojibu mchana: umepima wewe, basi inatosha. Jina lake lingesimama mlangoni na kuwazuia wote wasiingie. Na akimwambia ukweli wote, angemwuliza ni ngapi basi, naye hakuwa na tarakimu mpaka mtoto apimwe upya. Akaufuta ujumbe.

"Nipe hiyo karatasi, mama."

"Ni ya shule, Shangazi!"

"Nitairudisha." Akaikunja, akatoka.

"Wifi, viatu!" alisikia nyuma yake, lakini alikuwa amefika barabarani. Ni mbele ya duka la dawa alipoangalia chini na kuona kandambili mbili zisizojuana, moja ya buluu na moja nyekundu, ile nyekundu ya wifi yake, ndogo, kisigino kikikanyaga lami. Magari yalikuwa yamesongamana hayasogei. Alipita katikati yake kwa miguu, mshona viatu wa kona akamwita, "Mama, njoo nikupatanishie hivyo!" na watu wakacheka, naye hakugeuka. Njia ya dakika ishirini aliimaliza kwa kumi na tano, na kila hatua alimwomba Mola jambo ambalo hakupata kumwomba: nikute nimejitia hofu bure, niwe kichekesho.

Mlangoni mwa kitengo aliosha mikono. Ni sharti, mpaka kwenye viwiko, dakika nzima. Na kwa miaka ishirini na sita aliwasimamia wengine walitimize. Hakuna dakika iliyowahi kuwa ndefu kama ile. Akavaa aproni, akausukuma mlango kwa bega.

Kalamu alikuwa ameketi kitandani pa mtoto na kijiko. Mama yake mtoto alikuwa upande wa pili, akiuviringisha na kuuviringua utepe wake. Mtoto alikuwa amelala, midomo imekauka. Ni ule utulivu ambao wageni huufurahia na wauguzi huuogopa.

"Amekojoa?"

Kalamu akashtuka. "Bado, Sista. Tangu saa nane sijaona hata tone. Na maji anayatapika."

"Mbona hukumwita daktari?"

"Nimempigia mara mbili. Ananiuliza, asilimia ngapi? Nasema tisa. Nani kapima? Nasema Sista. Ananiambia, basi endelea kumnywesha."

Sista akatazama huku na huku. Fundi wa vyuma alikuwa macho kitanda cha pili. Mfagizi alikuwa mlangoni na ndoo. Lingeweza kusemwa kwa sauti ya chini.

"Nilimpima kwa kiganja changu," alisema, na sauti yake ikafika mpaka kwenye ndoo. "Nilikusudia kuigeuza hesabu, nikasahau. Tisa ni yangu. Si ya mtoto."

Kalamu akakitua kijiko, bila kuinua macho: "Nilihisi hivyo."

"Ulihisi saa ngapi?"

"Saa nane. Nilipomwona."

"Na hukusema?"

"Nimwambie nani, Sista? Wewe?" Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na hilo ndilo lililouma. "Mwaka jana uliniuliza kama nimekuja kupima watoto au kupima bahati. Mimi leo nikuulize wewe?"

"Niulize."

"Maswali baadaye. Mtoto ana saa moja na nusu. Tupime."

"Subirini," mama mtu akasimama. "Mnapima nini? Si mlishapima?"

Sista akamweleza kwa maneno machache, bila kuficha kitu. Yule mwanamke alimsikiliza, mkono umeshika utepe kama mtu aliyeshika kamba ya kisima. "Yaani," akasema, "mwanangu mmemkatia nguo kwa kipimo cha mtu mwingine."

"Ndiyo, mama. Na aliyekata ni mimi."

"Mimi mteja nikimharibia kitambaa, namlipa. Huyu utanilipa na nini?"

Sista alikunjua karatasi ya shule. "Mikono ya mwanao imefungwa, kuifungua ni kumtesa. Huu ni mkono wa mtoto wa kaka yangu, ana miaka sita. Unaujua mkono wa binti yako?"

"Naujua? Kila siku naushika kuvuka barabara." Mwanamke akaivuta karatasi, akaitazama kwa macho yake ya kazi, akanyoosha utepe juu ya mchoro mdogo. Hasira ilikuwa bado usoni, lakini vidole vilikuwa tayari vimeanza kazi. "Mrefu kidogo. Vidole vya wangu vinaishia hapa. Na hapa pembeni, mwembamba. Nipe mkasi."

Akaukata. Kalamu akautia ule mkono wa karatasi katika mfuko safi wa plastiki, ili usiguse kidonda. Wakafunua bandeji za kifuani, polepole, kwa maji. Mtoto akazinduka, akalia kidogo, bila machozi.

"Hesabu wewe," Sista akamwambia Kalamu. "Mimi nafuata."

Kalamu alipima na Sista akaandika. Kumi ikapita, kumi na tano ikapita. Walipomaliza mapaja, na mikono juu ya vitambaa vyake, karatasi ilisema kumi na tisa.

Sista mwenyewe ndiye aliyeshika simu. "Daktari, ni mimi. Yule mtoto si tisa, ni kumi na tisa. Nilikosea mimi. Njoo." Upande wa pili hapakusikika neno, ila mlango uliobamizwa.

Mishipa ya mtoto ilikuwa imezama kwa ukavu. Mmoja tu ulionekana, mguuni, mwembamba kama uzi. Kwa desturi ya kitengo, mshipa wa namna hiyo huachiwa Sista. Alishika sindano, akaitazama ncha yake ikicheza, akampa Kalamu. "Mikono yangu inatetemeka." Akaushika mguu wa mtoto, wote ulienea katika kiganja chake, kisigino na vidole, akaushikilia usisogee. Kalamu akachoma mara moja, damu ikarudi, dripu ikafunguliwa. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika tano. Daktari alipofika alikagua, akapiga hesabu ya kulipia saa zilizopotea, akaongeza mwendo wa maji na kuagiza mtoto awekewe mpira wa mkojo.

Baadaye alimvuta Sista pembeni. "Kwenye daftari tutaandika tu kwamba amepimwa upya."

"Kwa sababu gani, daktari?"

"Sababu si lazima."

"Ya Kalamu mwaka jana niliiandika kurasa mbili."

Akaketi na daftari la matukio. Kalamu, asiyeombwa, akachomoa kalamu kutoka nywele zake na kumwekea mezani. Sista aliandika jina lake, saa, kosa, na jinsi lilivyotokea. Kisha akaongeza mstari ambao hapana aliyemwomba auongeze: kwamba muuguzi wa zamu ya mchana alilihisi kosa mapema, na kwamba aliyemfanya aogope kusema ni mwandishi wa maelezo haya.

Kalamu aliusoma mstari huo kwa kupitia begani kwake. "Sista, hiyo nayo ilikuwa lazima?"

"Swali lako bado hujaniuliza."

"Nitakuuliza siku nikikosa la kufanya." Akarudi kwa mtoto. Lakini kabla ya kufika, akageuka: "Na hizo kandambili, Sista, umezipima kwa mguu wa nani?"

Fundi wa vyuma alicheka mpaka dripu yake ikatikisika, na mfagizi akaificha sura yake kwenye mpini wa ufagio.

Wakangoja. Sista alikaa, akasimama, akakaa. Alitazama mfuko ulioning'inia chini ya kitanda, akatazama saa, akautazama tena mfuko. Saa kumi na mbili ilipita na mfuko mkavu. Ikapita na robo. Mama wa mtoto hakumfukuza. Kisha ndani ya mpira likatambaa tone jeusi kama chai iliyokolea, likafuatwa na jingine, na baada ya nusu saa pakawa na kiasi cha vijiko viwili, na rangi ikaanza kupungua ukali.

"Alhamdulillahi," Sista alisema, akajikuta ameushika ukingo wa kitanda.

"Kwa mkojo?" mama mtu akauliza.

"Kwa mkojo, mama. Hivyo ndivyo figo zinavyotoa salamu."

"Basi amepona?"

Alitamani kusema ndiyo. "Bado. Siku mbili, tatu ndizo zitakazotuambia. Kesho alfajiri niko hapa."

Mwanamke aliuvua utepe shingoni, akauviringisha ukawa mdogo, akautia mfukoni. "Njoo," alisema. "Ila nitakuwa nikikuangalia mikono."

"Iangalie."

Nyumbani walikuwa wamekwisha kula. Wifi yake alimpokea mlangoni, akaitazama kandambili nyekundu iliyopasuka, akamtazama na mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akakosa mzaha. "Kuna chakula, wifi," alisema tu.

Binti alikuwa mezani, amenuna. "Karatasi yangu iko wapi?"

"Imebaki kazini, mama. Mkono wako uliouchora umekatwa."

"Umekatwa! Na nani?"

"Na fundi. Ulikuwa unahitajika. Lete karatasi nyingine."

Mtoto akaleta, bado amevimbisha mashavu. Sinia akautandaza mkono wake mezani. Penseli ikaanza kwenye kifundo, ikapanda kidole cha kwanza.

"Shangazi, unatikisika tena."

"Najua. Chora hivyo hivyo."

Mstari ulitoka na mawimbi, kidole baada ya kidole. Ulipokamilika, mtoto aliuinua mkono wake mdogo na kutaka kuulaza katikati, kama mara ya kwanza. Shangazi yake akaudaka hewani, akauweka juu ya karatasi nyingine tupu.

"Wako," alisema, "uchore peke yake."